Mgonjwa wa Baipola Anahitaji Kumbukumbu Zetu

Ndugu zangu wa Nangwa, kuna mtu tunamsema vibaya mara mbili. Akijifungia ndani wiki tatu, hapalilii, hali wala haongei, tunamwita mvivu. Miezi ikipita akaanza kukesha, akaongea bila kituo, akagawa mahindi ya akiba na kutangaza kwamba ananunua trekta, tunasema amerogwa. Huenda yote mawili ni ugonjwa mmoja, baipola. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi nao.

Hauna sura moja. Aina ya kwanza ndiyo tunayoiona hadi barabarani: mtu hupandwa na mhemko mkali kwa siku saba au zaidi, au hali inakuwa mbaya hadi alazwe mapema. Aina ya pili hutuponyoka. Mhemko wake ni mwepesi, wa siku nne na kuendelea. Mtu anachapa kazi, anacheka, kila saa ana wazo jipya, na familia inamshukuru Mungu kwamba mtoto wao amechangamka. Kisha sonona, ile hali ya kujifungia ndani, inamrudia, ndefu na nzito. Tusiidharau aina hii kwa kuwa haina fujo; sonona yake inaweza kuua. Ipo pia saiklothimia, ambayo humpandisha na kumshusha mtu mzima kidogo kidogo kwa miaka miwili au zaidi.

Ombi langu ni hili. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha baipola. Daktari hutegemea historia, na aliyezama kwenye sonona mara nyingi hazikumbuki zile siku alizokuwa juu, au hazihesabu kuwa ugonjwa. Akipewa dawa za sonona peke yake, anaweza kurushwa kwenye mhemko mkali. Kwa hiyo msimpakie bodaboda aende peke yake. Anayeishi naye nyumba moja amsindikize Hospitali ya Tumaini pale Katesh, au ya Haydom kwa walio upande wa Mbulu, akaeleze usingizi ulianza kupotea lini. Kama tarehe hamzijui, semeni wakati wa kupalilia alikuwaje na wakati wa kuvuna alikuwaje.

Wachungaji, mapadri, masheikh na wazee wetu wa mila, mwombeeni, ila msimwambie atupe vidonge. Dawa hizi hutumiwa muda mrefu, na zikikatwa ghafla ugonjwa hurudi. Anayetumia lithiamu apimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi mwilini ni sumu. Wala msimfunge; kamba haijawahi kumtibu mtu. Walimu wa sekondari, ugonjwa huu hupenda kuanza ujanani. Kijana aliyekuwa hodari akibadilika ghafla, mwiteni mzazi kabla ya kushika fimbo.

Nyumbani, akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na dawa za kuogeshea mifugo na za kupulizia shamba zifungiwe mbali naye.

Nanyi wanunuzi wa ng'ombe mnadani: akija mtu mnayemfahamu, hajalala, anaongea mbio mbio na kuuza mitamba ya familia kwa bei ya mbuzi, mpigieni simu ndugu yake kabla hamjahesabu hela.