Chuo huanza na vitanda

Jioni pale Nyakato, huku Kanda ya Ziwa, daladala zikishusha vijana wenye mabegi mgongoni, wengi utawaona wakiishia kwenye vyumba vya kupanga, godoro chini na jiko la gesi pembeni. Hapo ndipo ninapoyakumbuka mabweni ya chuo kikuu chetu cha kwanza, kile cha Dar es Salaam. Mwaka 1961 chuo kile kilianza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria; mwaka 1964 kikahamia Mlimani, mabweni yakainuka pamoja na madarasa, na mtoto wa mvuvi wa Ukerewe akalala chini ya paa moja na wa mkulima wa Songea. Wanafunzi walipoongezeka vitanda havikutosha. Ikaja hosteli ya Mabibo, kisha Aprili 2017 yakafunguliwa majengo 20 yenye jina la Rais wa wakati ule, Magufuli, yenye nafasi 3,840. Bweni halilazi mwili tu: ndani yake Msukuma humzoea Mmakonde, asiye na kitabu huazima kwa mwenzake, na udugu wa maisha huanzia kitanda cha juu na cha chini. Basi kila chuo kinachojengwa huku Kanda ya Ziwa kihesabu vitanda kabla ya viti vya darasani, na kila bweni lililopo liandikwe ukutani lilijengwa lini na kwa jasho la nani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na chumba anacholala ni sehemu ya malezi hayo.