Sindano za Kichina na Ngozi Iliyounguzwa na Jua

Uislamu haumkatazi mgonjwa kutafuta tiba, wala hauikatai dawa kwa kuwa imetoka Uchina. Tiba ya sindano, iitwayo akupancha, ni elimu kongwe, na madaktari wa Kichina wamehudumu Zanzibar tangu miaka ya 1960. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, James Reston, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Beijing, kisha akasimulia namna sindano zilivyompunguzia maumivu ya tumbo baadaye. Hatukusudii, basi, kuidhihaki.

Lakini kutuliza maumivu ya mgongo ni jambo moja, na kuchoma sindano kwa ajili ya ngozi iliyoungua kwa jua ni jambo jingine. Miale ya jua isiyoonekana hudhuru chembe hai za ngozi, na mwili hujibu kwa kutanua mishipa midogo ya damu na kutoa kemikali zinazoamsha maumivu. Ndiyo maana mtu hutoka juani akiwa hajambo, usiku akashindwa kulala. Uchungu hufikia kilele baada ya saa 12 hadi 24, kisha hupoa wenyewe kwa siku chache. Aliyechomwa sindano siku ya pili na kupata nafuu siku ya nne atazisifu sindano. Nasi twauliza: asiyechomwa, yeye hakupona? Hakuna ushahidi madhubuti kuwa sindano huponya ngozi hiyo. Tena kuitoboa ngozi iliyotoka malengelenge ni kuvifungulia mlango vijidudu. Maji ya baridi yasiyo barafu, kunywa maji kwa wingi, kukaa kivulini na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha kwa wengi. (Dawa ya mswaki nayo ibaki kwenye mswaki.)

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 1,400, hili si suala la usumbufu wa siku tatu. Ngozi yao imekosa rangi ya kuikinga, na madhara ya kila kuungua hujilimbikiza hadi kuleta saratani. Anayemwambia mtu huyo kwamba sindano zitamwondolea adha ya jua, kwa hakika anamuuzia ruhusa ya kurudi juani. Wanazuoni wa fiqhi, kwa kutegemea mafundisho ya Mtume (S.A.W.), wamesema kuwa ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hudhaminishwa madhara aliyoyasababisha.

Fedha ya sindano ni heri inunue kinga. Huko Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, ndiko yalikobuniwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kanzu na buibui husitiri mwili vyema, ila kofia yetu ya kazi ya mkono, kwa uzuri wake wote, haina ukingo: masikio, uso na shingo hubaki wazi. Na siku ya Ijumaa, msikiti unapojaa na safu zikatoka hadi uani kwenye jua la adhuhuri, wasimamizi wa misikiti wawatengee wenye ualbino nafasi ndani au chini ya turubai, kabla ya khutba kuanza.