Neno la Mhariri: Bweni Nalo ni Darasa

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya shule moja ya wasichana iliyo chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro. Ilianza miaka ya mwisho ya 1950 kwa jina la Marian College, ikiendeshwa na masista wa Maryknoll. Baada ya kutaifishwa ikawa Shule ya Sekondari Kilakala, na leo ni moja ya shule za serikali zinazopokea wasichana wenye vipaji kutoka kila pembe ya nchi. Tumeichagua wakati huu kwa sababu Tanzania iko mbioni kujenga shule za wasichana. Serikali imekuwa ikijenga shule ya sayansi ya wasichana katika kila mkoa, na majimbo ya Kanisa na mashirika ya kitawa yanaongeza za kwao. Basi ni vema kuuliza mapema: ni kitu gani hasa kilichowakuza wasichana waliopita pale Morogoro? Jibu letu ni maisha ya bwenini. Anayejenga madarasa na maabara, kisha bweni akaliacha liwe banda la kulalia tu, amejenga nusu ya shule.

Tuanzie mbali kidogo. Desemba 1860 Padre Armand Fava alitua Unguja akitokea kisiwa cha Réunion, na katika msafara wake walikuwamo masista wa Mabinti wa Maria. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani kwao, na lilipokea wanawake waliozaliwa huru pamoja na waliokuwa watumwa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, kisha wakapanda bara: Mhonda, Morogoro, Matombo. Kila walipofika, wasichana walifundishwa. Lakini mafunzo yenyewe yalikuwa na mpaka: katekisimu, kusoma kidogo, kushona, kupika na kutunza nyumba. Msichana aliandaliwa awe mke wa Mkristo na mama wa Wakristo. Kwamba siku moja angekuwa mwalimu wa fizikia au waziri, hilo halikuwamo katika hesabu.

Na hapa Uluguru jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mashamba ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Mji wenyewe, msafiri Stanley alipoupitia mwaka 1871, ulijulikana kwa jina la Simbamwene, binti wa Kisabengo aliyerithi utawala wa baba yake. Nchi iliyomjua mwanamke kama mwenye ukoo na mwenye mji ikaletewa shule ambayo viti vya mbele vilikuwa vya wavulana. Ndiyo maana kufunguliwa kwa sekondari ya wasichana mjini hapa, miaka michache tu baada ya Jimbo la Morogoro kuundwa mwaka 1953, lilikuwa tukio kubwa kuliko ukubwa wa majengo yake.

Masista waliolibeba jukumu hilo walitoka mbali. Shirika la Maryknoll lilianzishwa New York mwaka 1912 na Mary Josephine Rogers, na masista wake waliingia Tanganyika mwaka 1948, wakaanzia upande wa Musoma. Morogoro iliwafaa kwa shule ya kitaifa, maana ilikuwa kwenye reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa tangu mwaka 1907, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Hebu tumfikirie binti wa Ukerewe wa wakati ule. Anavuka ziwa hadi Mwanza, anapanda treni, anapita Tabora, Dodoma na Kilosa, na anateremka Morogoro na sanduku lake mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayesema Kikerewe.

Binti wa namna hiyo alikuwapo. Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1945, aliondoka kisiwani akiwa na umri wa miaka 12 kwenda kusoma kwa masista wa Maryknoll, Marian College. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake mjini Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, naye amepita Kilakala. Shule moja imetoa viongozi wawili wa mabunge. Watu wakilisikia hilo husifu walimu na nidhamu, nao hawakosei. Sisi tunaomba waangalie pia mahali ambapo wasichana hawa waliishi baada ya kengele ya mwisho ya masomo.

Aliyesoma bweni anayajua maisha yenyewe. Kengele inalia kabla ya mapambazuko. Kuna ndoo zilizopangwa foleni bombani, ufagio, uji, paredi, vipindi, ugali na maharage, kisha prepo ya jioni. Kuna tranka lenye kufuli chini ya kitanda cha ghorofa, na juu yake analala msichana wa kabila na desturi nyingine. Sasa chukua siku moja ambayo bomba limekauka. Kiranja wa bweni ana ndoo chache na wenzake arobaini. Wa kidato cha nne wanadai wao kwanza kwa kuwa wana mtihani, wa kidato cha kwanza wanaogopa hata kusogea, na mmoja ni mgonjwa, anahitaji maji kuliko wote. Kiranja ana miaka 16. Lazima aamue, aeleze uamuzi wake, akubali kulaumiwa, na kesho yake aamke kuishi na walewale aliowanyima. Hakuna kitabu cha uraia kinachofundisha siasa kwa undani huo.

Jambo la pili ni muda. Msichana anayerudi nyumbani kila siku anasubiriwa na maji, kuni, mdogo wake mgongoni na chungu cha jioni. Kaka yake anasubiriwa na chakula. Bweni lilimpa msichana saa mbili za prepo ambazo hakuna mtu angemwita jikoni. Kwa miaka minne au sita, saa hizo ndizo zilizozaa alama za mtihani ambazo baadaye watu waliziita kipaji.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa wazo hili. Mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani, akatengwa na shughuli za kila siku, akafundwa na wanawake wenye ujuzi, na akatolewa mbele ya watu akiwa mtu mwingine. Jamii ilijua kwamba msichana hawi mtu mzima kwa kubahatisha, na kwamba anahitaji mahali pake, muda wake na wakubwa wa kumwongoza. Wamisionari wengi waliupiga vita unyago, lakini bweni walilojenga lilisimama juu ya ujuzi huohuo. Tofauti ni kwamba lilimwandaa kwa kazi nyingi zaidi, na lilimchanganya na mabinti wa nchi nzima.

Mchanganyiko huo uliongezeka baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za misheni zikawa za umma, na dini ya mtoto ikaacha kuwa kigezo cha kumpokea. Wapo Wakatoliki waliouchukulia utaifishaji kama kunyang'anywa, na maumivu yao yanaeleweka, kwani waliotoa jasho na sadaka walikuwa wao. Hata hivyo tunaamini kwamba bweni la Kilakala lilipata kitu ambacho Marian College isingekipata peke yake: msichana wa Kiislamu wa pwani na Mlutheri wa milimani wakigawana ndoo moja na binti wa katekista.

Wala hatutaki kuipamba historia hii. Marian College ilikuwa mlango mwembamba. Kwa kila msichana aliyepita, wengi waliachwa nje. Bweni lenyewe laweza kuwa mahali pa njaa, pa uonevu, hata pa kifo. Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shauritanga, Kilimanjaro, na wasichana zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Anayetetea mabweni bila kuwakumbuka mabinti wale hana haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo tunaposema bweni, tunasema bweni lenye mlango zaidi ya mmoja inayoweza kufunguliwa kutoka ndani, madirisha ambayo mtoto anaweza kutokea, maji, choo chenye staha, na matroni anayelala palepale na kulipwa kama mtaalamu.

Leo shule za kata zimefungua mlango kwa mamilioni, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa. Ni hatua kubwa. Lakini msichana wa vijiji vya Mgeta au Matombo anaweza kushuka na kupanda mlima kila siku, afike nyumbani giza limeingia na kuni zikimngoja. Mwingine anapangishiwa chumba karibu na shule, anaishi peke yake akiwa na miaka 14, na mimba ikija lawama zote zinamwangukia yeye. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliojifungua kurudi darasani ulikuwa wa haki. Sasa tuwape wasichana pia pa kukaa kabla hawajapata shida hiyo. Upande wa pili, shule nyingi nzuri za Kanisa zenye mabweni zinatoza ada ambayo mkulima wa mbogamboga wa Nyandira hawezi kuilipa. Masista wa Maryknoll walimpokea binti wa Ukerewe. Shule inayojiita mrithi wao ijiulize ni mabinti wangapi wa wavuvi na wakulima walio kwenye orodha yake ya majina.

Makala za toleo hili zinaichukua hoja hiyo kwa njia mbalimbali: historia ya masista, kumbukumbu za waliosoma kabla na baada ya utaifishaji, na hali ya mabweni ya kata mkoani Morogoro. Waliokuwa kidato cha kwanza siku za mwanzo sasa wako karibu na miaka 80 au wameipita. Tunawaomba wao na jamaa zao watuletee picha, barua na ripoti za shule walizohifadhi, kabla mchwa hawajazimaliza. Kwa serikali na kwa maaskofu tuna ombi moja: kila mchoro wa shule mpya ya wasichana uanze na bweni, na bajeti ya matroni, maji na usalama ipitishwe siku ileile inayopitishwa bajeti ya maabara.