Ghala la nyumbani lisiishie kwenye mahindi

Msimu wa mavuno ukimalizika Ufipa, hakuna kaya ya Chala inayopeleka mahindi yake yote kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga, kisha ikawa inapanda basi kila jioni kwenda kuomba debe la kusaga. Ya kuuza huuzwa, ya kula hubaki nyumbani, kwenye kihenge au kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Lakini picha za harusi, sauti ya babu aliyefariki, vyeti vya watoto vilivyopigwa picha kwa simu na hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, kaya hiyohiyo imeviacha vyote kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, yaani kwenye wingu, na kila inapotaka kuvitazama hununua bando. Mpangilio huu umekaa miguu juu, kichwa chini. Nakala ya kwanza ya mambo ya nyumbani ikae nyumbani, katika kompyuta ndogo inayoendeshwa kwa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi, na ile ya wingu, kwa anayeitaka, iwe ya akiba.

Anayedhani hili linawahusu watu wa Dar es Salaam peke yao akumbuke tarehe mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, intaneti ikadorora kuanzia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Sababu hazifanani hata kidogo, ila kwa mwalimu ambaye maandalio yake ya masomo yako kwenye wingu tu, matokeo ni yaleyale. Na hata mtandao ukiwa mzima, masharti hubadilika bila mwenye vitu kuulizwa. Google ilikuwa ikihifadhi picha bila malipo na bila kikomo, hadi tarehe 1 Juni 2021 ilipoanza kuzihesabu ndani ya gigabaiti 15 za kila akaunti. Kampuni ina haki ya kufanya hivyo, kama mwenye nyumba ya kupangisha alivyo na haki ya kupandisha kodi. Ndiyo maana watu hujenga.

Kinachowazuia wengi ni kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Bando likiisha, ruta ya nyumbani haifi. Vitaa vyake vinaendelea kuwaka, na simu, kompyuta na runinga zilizo chini ya bati moja bado zinasikilizana. Chukua kompyuta mpakato ya zamani, ile ambayo kioo chake kimepasuka na fundi akasema gharama ya kukibadilisha haina maana. Ifutwe, iwekwe mfumo huria wa Linux, iunganishwe na diski ya nje, kisha ikae juu ya kabati karibu na ruta, kifuniko chake kimefungwa. Ndani yake iwekwe Immich kwa ajili ya picha na Nextcloud kwa mafaili. Mama akirudi kutoka shambani, simu yake ikishika Wi-Fi, picha alizopiga mchana zinahamia kwenye diski, wala hata megabaiti moja ya bando haijaguswa. Shuleni faida ni kubwa zaidi, kwa sababu programu za Kolibri na Kiwix zilitengenezwa hasa kwa mahali ambapo intaneti ni ghali au haipo. Kwa Kiwix, Wikipedia nzima ya Kiswahili huenea kwenye flashi. Ikipakuliwa mara moja Sumbawanga, darasa zima la Chala linaweza kuisoma kutwa.

Kwa nini programu huria, na si yoyote inayofanya kazi? Ufipa ina jibu lake ardhini. Katika nyanda hizi bado yapo mabaki ya malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ambamo mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwa mvuto wa hewa bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Chuma hicho ndicho kilichofuliwa majembe. Majembe ya viwandani yalipozidi kuingia wakati wa ukoloni, malungu yalizimwa, na ujuzi ukaondoka na wazee. Sisemi waliochagua jembe la dukani walikosea. Lilikuwa rahisi kupatikana, na lilibaki mkononi mwa aliyelinunua hata kiwanda kikifungwa. Programu ya kukodi haina hata sifa hiyo, maana siku kampuni ikiifunga, hubakiwi na chochote. Programu huria hukuachia jembe na namna ya kulifua. Waliokuwa wakitunza Syncthing ya simu za Android, inayonakili mafaili kati ya vifaa bila kupitia kampuni, walitangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, tawi lake jingine likaendelea. Na anayeshuku vya bure ajue kwamba DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za zahanati zetu, ni programu huria. Ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo katika kuuendeleza.

Pingamizi la umeme ni la kweli katika mkoa huu, ambao makao makuu yake, Sumbawanga, yametegemea kwa miaka mingi umeme unaonunuliwa Zambia. Lakini umeme ukikatika, vitu havipotei, vinasubiri. Kompyuta mpakato yenye betri nzima huvumilia kukatika kwa ghafla, jambo ambalo huumiza diski, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hula wati chache tu ambazo sola ya kawaida inazimudu. Wizi na moto vinanisumbua zaidi. Nakala mbili ndani ya nyumba moja, mbele ya moto, ni nakala moja. Kwa hiyo diski ya pili, iliyofungwa kwa nywila, ilale kwa shangazi aliyeko Namanyere, au hapo ndipo wingu litumike.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ujuzi. Si kila kaya ina mtu wa kusasisha programu, na kompyuta iliyofunguliwa kwa dunia nzima bila mlinzi ni hatari kuliko wingu lenyewe. Basi ianze kwa kutumika ndani ya nyumba tu. Barua pepe na fedha za simu ziachwe kwa wanaozimudu. Na pale ambapo kaya haiwezi, shule, parokia au kikundi kiwe na mashine moja na kijana mmoja anayelipwa kuitunza, kama anavyolipwa fundi wa mashine ya kusaga.

Swali ambalo huulizwa mara chache ni nani ataifungua mashine ya nyumbani mwenye nayo akifariki. Nywila iandikwe kwenye karatasi, ikae katika bahasha moja na hati ya kiwanja na vyeti vya ubatizo, na mtu wa pili nyumbani afundishwe kuiwasha, kutafuta picha moja ya mwaka uliopita na kuitoa.