Mapafu ya wachimbaji nayo yasomwe

Vijana wenzetu wa Masisi, wa Goma, na ninyi mulio mbali,

Kwenye simu zetu kila siku ni akili bandia: ya kuandika, ya kuchora, na sasa ya kusoma mapafu. Huko Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 53,000 uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba skaneri ya mionzi midogo inapunguza vifo vya kansa ya mapafu kwa asilimia 20 hivi kuliko radio ya kawaida ya kifua. Leo programu zinasaidia daktari kuona kivimbe kidogo ambacho jicho lingeruka. Ni kitu kizuri, hatukatai.

Lakini mapafu ya nani? Huko Marekani wanaoitwa kupimwa ni watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta sigara sana. Kijana wa miaka 24 anayeshuka kwenye shimo la koltani Rubaya, jirani na Bihambwe, hayumo. Yeye anavuta vumbi. Vumbi la yale mawe lina silika, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa linaiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Koltani yenyewe inabeba urani na thori kidogo. Watafiti waliopima koltani ya Masisi walichapisha kazi yao 2007, na waliogopa zaidi vumbi la wanaosaga na kuchekecha. Tena mwenye silika kifuani, TB inamukamata haraka.

Hapa njo shida ya pili. Programu iliyofundishwa kwa mapafu ya Boston inaweza kuona kovu la TB ya zamani na kuiita kansa. Na tantali ya Rubaya, inayokadiriwa karibu asilimia 15 ya dunia nzima, iko ndani ya hizo hizo kompyuta!

Skaneri haitafika kwa hii barabara, tuseme ukweli. Radio ya kubeba, ya betri, inapanda kwa moto. Tangu 2021 OMS inakubali programu isome radio ya kifua kutafuta TB kwa mwenye miaka 15 na zaidi. Tuanzie hapo.

Toka mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Wao, kama serikali mbele yao, wanajua kuhesabu magunia. Kikohozi hakuna anayehesabu.

Tunadai radio hiyo ifike Bihambwe, na anayenunua koltani achangie bei yake. Dawa za TB, ambazo ni za bure, zipite vizuizi vyote bila kuguswa. Maji yamwagwe wakati wa kutoboa mwamba, hiyo haingoji kompyuta. Na picha zikipigwa, nakala ibaki kwenye kituo cha afya, mwenye mapafu apewe jibu lake kwa lugha anayosikia, isiwe kampuni ya programu peke yake inaondoka nazo.