Tuwaige wanafizikia, tusiifungie elimu ghalani

Mnamo tarehe 12 Desemba, 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi hiyo pekee, na matokeo yake yalichapishwa katika majarida ya Marekani. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini mwanafunzi wa Malindi aliyetaka kuyasoma matokeo hayo hakuwa na budi kuitafuta maktaba yenye uwezo wa kuyalipia majarida hayo.

Kisa hiki kinatukumbusha jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulioni. Aghalabu utafiti hugharimiwa kwa fedha za umma. Mtafiti anayeandika makala halipwi na jarida, na wataalamu wanaoyahakiki hawalipwi pia. Hata hivyo, makala yakishachapishwa, chuo kilichomwajiri mtafiti yule yule hulazimika kulinunua jarida ili wanafunzi wake wayasome. Je, mkulima akiuziwa mahindi aliyoyalima mwenyewe, tutasema ni biashara au ni dhuluma?

Wanafizikia waliliona tatizo hili mapema. Kwa miaka mingi walikuwa na desturi ya kupelekeana kwa posta makala tangulizi, yaani makala ambayo hayajahakikiwa wala kuchapishwa na jarida. Desturi hiyo ilikuwa njema, ila ilikuwa na kasoro moja: nakala zilifika kwa wale waliojulikana, katika vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani. Aliyekuwa mbali alisahaulika. Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, aliyaonja machungu ya upweke huo alipofundisha Lahore miaka ya hamsini, akalazimika kurudi Uingereza ili aendelee na utafiti. Ndiyo sababu mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wataalamu wa nchi changa wapate kukutana na wenzao bila kuhama makwao. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kisha, mwezi wa Agosti 1991, Paul Ginsparg wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani alianzisha mtambo wa kupokea makala tangulizi kwa njia ya kompyuta na kumpa kila aliyeyahitaji. Leo mtambo huo, uitwao arXiv, ambao kwa miaka mingi ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Cornell, una makala zaidi ya milioni mbili. Msomaji halipi kitu, na mwandishi halipi kitu. Mwanafunzi wa Eldoret mwenye intaneti huyasoma makala mapya siku ile ile ayasomayo mwenzake wa Cambridge.

Wapo watakaouliza: je, kutoa makala kabla ya kuhakikiwa si kueneza uongo? Swali hilo ni la haki. Mwezi wa Septemba 2011, watafiti wa mradi wa OPERA walitoa makala tangulizi yaliyoonyesha kwamba chembe ziitwazo nyutrino zilisafiri kwa kasi kuliko mwanga. Dunia ilishangaa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba waya mmoja wa kupitishia mwanga haukuwa umeunganishwa sawasawa, na vipimo vya saa vikapotoka. Mwezi wa Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini walidai kuwa wamepata kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida. Haukupita muda mrefu kabla ya maabara za nchi mbalimbali kulijaribu dai hilo na kuliona halina msingi.

Kwa maoni yangu, mifano hii miwili haiuhukumu uwazi bali inautetea. Kosa lililoanikwa juani lilionekana na wengi na likasahihishwa upesi. La muhimu ni kwamba msomaji ajue anachokisoma. Neno lenyewe linatuonya: kinachotangulia si cha mwisho. Mwalimu na amfunze mwanafunzi wake kutofautisha makala yaliyohakikiwa na yale yanayosubiri uhakiki, kama anavyomfunza kutofautisha ushahidi na uvumi.

Hatari kubwa zaidi inatoka upande mwingine. Tangu Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililotaka makala ya kitaaluma yasomwe na wote bila malipo, baadhi ya wachapishaji wamegundua njia mpya ya kupata faida. Wamemfungulia msomaji mlango, wakaweka kufuli kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipoanza mwaka 2021 kuruhusu makala ya namna hiyo, liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Ni kweli kwamba wapo wachapishaji wanaosamehe au kupunguza ada kwa watafiti wa nchi maskini, lakini msamaha ni hisani, na hisani si haki. Zamani hatukuweza kusoma. Sasa tutasoma ya wengine, ila yetu hayatasomwa.

Wanafizikia wameonyesha kwamba ipo njia nyingine hata kwa majarida. Tangu mwaka 2014, mpango wa SCOAP3 unaoongozwa na CERN umeunganisha fedha ambazo maktaba zilikuwa zikitumia kununulia majarida, zikatumiwa kuwalipa wachapishaji moja kwa moja. Makala ya fizikia ya chembe husomwa na wote, na mwandishi hadaiwi ada.

Mimi si mwanafizikia; kazi yangu ni isimu. Miaka kadhaa iliyopita nilichapisha ng'ambo makala kuhusu ngeli za Kiswahili. Mwanafunzi wangu alipoyahitaji, maktaba yetu haikuwa nayo. Nilimpa nakala iliyokuwa katika mtoto wa meza yangu, nikaona haya. Makala kuhusu lugha yetu, yaliyoandikwa na mwalimu wake, yalimfikia kwa bahati tu.

Nini kifanyike? Kwanza, kila mhadhiri aweke nakala yake ya makala katika hazina ya chuo chake; majarida mengi huruhusu jambo hilo, na wengi wetu hatulitendi kwa uvivu tu. Pili, kamati za kupandisha vyeo ziyasome makala yenyewe, zisihesabu tu majina ya majarida. Tatu, mwanafunzi wa uzamifu anayetakiwa kuchapisha kabla ya kuhitimu asiachwe aangukie mikononi mwa majarida ya kilaghai, yanayochapisha chochote mradi yalipwe. Chuo kinachodai makala hakina budi kumwonyesha njia ya kuyachapisha bila kuuza mbuzi wa babake.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji mabilioni. Wanafizikia walianza na kompyuta moja na desturi ya kugawana. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Setilaiti ya mwaka 1970 ilibeba jina letu hadi angani. Sasa ni juu yetu kuhakikisha kwamba elimu tunayoitafuta hapa nchini inastahili jina hilo hilo.