Tusipime Uhai kwa Wingi wa Kromosomu

Katika madarasa mengi ya sayansi bado limo wazo kwamba viumbe vimepangwa kama ngazi: mmea chini, mnyama katikati, binadamu juu, na kwamba kila kinachopanda ngazi hiyo huongezewa maelezo ya urithi. Sisi tunaona kuwa wazo hili halina budi kusahihishwa mapema, katika shule ya msingi, kabla halijaota mizizi.

Mwalimu atakayepangiwa Msangeni, huko Ugweno katika milima ya Upare Kaskazini, hahitaji maabara kwa kazi hiyo. Aanze na miti izaayo mbegu pasipo kutoa maua, kama vile msaipresi na msindano. Mbegu ya msindano haifungwi ndani ya tunda, bali hukaa juu ya magamba ya koni. Mtapo wa pwani, unaofanana na mnazi mfupi, nao ni wa jamii hiyo kongwe, iliyokuwapo duniani kabla ya mimea ya maua.

Sasa tuhesabu. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46. Ya msindano 24. Ya muhindi 20. Ya mtapo wa Afrika 18. Mwenye kuamini ngazi atafurahi. Lakini mwaka 2014 wataalamu walitangaza kuwa wamesoma DNA ya msindano mmoja wa Marekani, Pinus taeda. Katika seti moja ya kromosomu zake walikuta herufi zipatazo bilioni 22. Seti ya binadamu ina bilioni 3 hivi. Ngazi imevunjika!

Urefu huo umetoka wapi? Sehemu kubwa ya DNA ya msindano ni vipande vinavyojirudia. Vipo vipande vyenye uwezo wa kujinakili na kupachika nakala mahali pengine. Barbara McClintock aligundua vipande vinavyohamahama katika mahindi miaka ya 1940, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Katika ukoo wa misindano, nakala hizo zimerundikana kwa mamilioni ya miaka bila kuondolewa upesi. Kromosomu zimerefuka, idadi yake ikabaki 24. Kwingineko ni idadi iliyobadilika: Zamia, jamaa za mtapo zilizoko Amerika, zina kromosomu kuanzia 16 hadi 28, kwa kuwa kromosomu huweza kukatika au kuungana.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba mambo haya ni ya sekondari. Majina yake, naam. Maana yake, la. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuishika kwa mikono. Kundi la kwanza lipewe vipande 12 vya karatasi, na katika kila kimoja liandike agizo moja tofauti, kwa mfano "ota mzizi" au "funga mbegu". Kundi la pili liandike maagizo hayo hayo 12, kisha linakili upesi sentensi moja isiyo agizo mara nyingi, na kugundisha nakala hizo kwenye vipande vyake. Makosa ya kunakili yaachwe kama yalivyo, kwani hata katika DNA nakala hubadilika. Mwisho wanafunzi wapime urefu, wahesabu vipande, wahesabu maagizo. Watagundua wenyewe kwamba urefu umeongezeka, ilhali vipande na maagizo ni vile vile.

Hapo mwalimu ajihadhari na neno "takataka". Baadhi ya sehemu zinazojirudia husaidia kromosomu kugawanyika sawasawa seli inapozaliana; nyingine hazijulikani kuwa na kazi. Ni wajibu wake kusema yote mawili.

Ndugu walimu wanafunzi, mtoto aliyefundishwa ngazi atadharau mti asioujua. Aliyepima na kuhesabu ataujia kwa maswali, na kuuliza ndiko kuanza sayansi.